Pedi Zangu za Mninga Mbele ya Akina Mama

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya akina mama wa parokia, na suruali nilikuwa nimeivaa na mkanda nimefunga.

Nawaandikia humu kwa sababu sina mwingine wa kumsimulia. Najua grupu letu lililala zamani. Ujumbe wa mwisho ni wa Deo, anauliza bei ya mchele, na hakuna aliyemjibu. (Deo, samahani. Bei ilipanda.)

Mnaikumbuka ile mashine yangu ya gemu, ya kaseti, ya kuchomeka kwenye tivii? Ile mliyokuwa mnaigombea chumbani kwangu mpaka mwenye nyumba anagonga ukuta? Bado ninayo. Deo alihamia Mlimba kwenye mpunga. Kasimu akaenda Morogoro kwa kaka yake. Fideli akaoa. (Sikulaumu, Fideli, ila hata kusalimia?) Mimi nikabaki na mashine. Masika iliyopita maji ya mto Lumemo yakaingia ndani. Mashine ilikuwa juu ya kabati, ikapona. Pedi zake za kuchezea zilikuwa chini, zikafa zote mbili.

Hapa Ifakara huwezi kupata dukani pedi ya mashine ya zamani vile. Nikasema, kwani mimi si fundi redio? Nikatengeneza yangu. Mwili nikauchonga kwa mabaki ya mninga niliyoomba kwa seremala. Vitufe nikavitoa kwenye rimoti mbovu. Waya, wa chaja zilizokufa. Kile kichwa cha kuchomeka kwenye mashine nikakivalisha kipande cha bomba la maji na kukijaza gundi ya chuma, kisikatike tena maishani. Jioni zikawa zinapita vizuri. Nikichoka kuchonga, nacheza. Nikichoka kucheza, nachonga. Nikawa naongea na mashine kidogo. (Kidogo tu.)

Pedi ikatoka nzuri. Nikatengeneza na ya pili, nzuri zaidi, ina mviringo pale kiganja kinapokaa. Nikaona hii ni biashara. Wiki hii nikaingia kwenye lile grupu la mauzo la hapa mjini, nikaandika: "Pedi za kutengeneza kwa mkono. Imara, hazichubui, unatumia miaka. Karibuni." Nikaweka na picha. Picha ikagoma kupanda, bando lilikuwa linaishia. Nikaona maneno yanatosha.

Hapo ndipo nilipojimaliza.

Jana akanipigia Mama Suzana, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama pale parokiani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetengeneza pedi?"

"Ndiyo, mama. Mwenyewe."

"Wewe, mwanaume?"

"Ndiyo, mama."

"Mungu akubariki, baba. Wanaume wenye moyo kama wako siku hizi hakuna. Kesho baada ya misa ya pili tuna kikao na mabinti zetu. Njoo nazo utuelezee."

Nilishangaa kidogo kuona akina mama wanapenda gemu hivyo. Lakini ni nani anakataa baraka? Ilikuwa imepita miaka mtu hajaniambia kuwa nina moyo. Nikapiga pasi shati. Nikapiga pasi na kitambaa cha kufungia pedi.

Leo nikafika ukumbini na begi langu: mashine, kaseti, pedi. Akina mama wamejaa kwenye mabenchi. Mabinti wako mbele, wanatazama chini. Nikasema moyoni, watoto wa parokia hii wana adabu.

Mama Suzana akanitambulisha. "Huyu ni kijana wetu, ni fundi. Ameona shida ya mabinti zetu, akaguswa. Mpigieni makofi."

Nikapigiwa. Nikasimama, nikasema Tumsifu Yesu Kristo, wakaitikia vizuri, nikapata nguvu.

"Mimi nilianza kuzitengeneza kwa matumizi yangu mwenyewe," nikasema.

Ukumbi ukatulia. (Nilidhani wananisikiliza kwa makini. Na kweli walikuwa wananisikiliza kwa makini.)

"Kwa hiyo siuzi kitu ambacho sijakijaribu. Nimejaribu kila jioni, mwenyewe, chumbani kwangu."

Mama mmoja akajifunika mdomo kwa kitenge. Mimi huyo, naendelea. Nikawaambia ikilowa wasiwe na wasiwasi, waianike tu juani. Mama mwenye miwani, ambaye baadaye niliambiwa ni nesi, akanyoosha mkono.

"Samahani, fundi. Ndani umeweka pamba au kitambaa?"

"Ndani ni waya, mama."

"Waya."

"Ndiyo. Na nje ni mninga."

"Mninga huu wa vitanda?"

"Huo huo. Ila nimeupiga msasa vizuri, hauchubui."

Binti mmoja pale mbele akatoa sauti kama ya kuku aliyekanyagwa. Karibu na mlango alikaa bibi mmoja, Bibi Leokadia, masikio yake yamechoka. Akamuuliza jirani yake kwa sauti ya kuita ng'ambo ya mto:

"Kasema zimetengenezwa na nini?"

"Na mbao, bibi."

"Mbao? Ya kuweka wapi?"

Basi. Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Kuna mama alilala kabisa juu ya benchi. Mabinti wenye adabu wakawa wanalia machozi. Mimi nimesimama katikati, natabasamu, maana nilikuwa bado sijaelewa. (Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilitabasamu.)

Mama Suzana peke yake hakucheka. Akanisogelea, akafungua kile kitambaa changu, akaishika pedi, akaigeuza.

"Baba, hii ni nini?"

"Pedi ya gemu, mama."

"Sisi tulikuwa tunasubiri zile za kufua. Za mabinti, za siku zao."

Nikatafuta mlango kwa macho. Mlango ulikuwa nyuma ya mabenchi yote.

Kwa huruma yake akasema, "Haya, ameshafika. Atuoneshe basi inavyofanya kazi." Ukumbi una tivii. Nikaunganisha. Picha ikaja, muziki ukaja, kale kamtu kakakimbia, kakaruka. Mabinti wakasogea. Heshima nikaiona inarudi. Nikajisahau, nikasema kwa kujiamini, "Sasa aje mtu mmoja, tucheze wawili."

Akasukumwa Bibi Leokadia.

Nikachukua pedi ya pili, nikachomeka. Haiingii. Nikaigeuza. Haiingii. Yale matundu mawili yako jirani, na vile vichwa vyangu vya bomba ni vinene. Kimoja kikiingia kinamzibia mwenzake. Nikaitoa ya kwanza, ya pili ikaingia. Nikairudisha ya kwanza, ikakataa.

Nesi akauliza, wala si kwa ubaya: "Kwani ulipokuwa unajaribu, hukuzichomeka zote mbili?"

"Nilichomeka mojamoja."

"Siku zote hizo?"

"Nilikuwa nacheza peke yangu."

"Hata siku moja hakuja mtu?"

Nilitaka kudanganya. Majina yenu yote yalinijia mdomoni.

"Hapana, mama."

Jamani, kicheko nilikivumilia. Walipoacha kucheka ndipo nilipokwisha. Mabenchi yote kimya, wananitazama kama mtoto aliyesahauliwa stendi. Mama mmoja akainuka, akanipa andazi, akarudi kukaa.

Mama Suzana akasema tufunge kwa sala. Nikashukuru, nikajua yanaisha. Akaombea wagonjwa. Akaombea mvua. Akaombea mabinti. Halafu, macho yamefumbwa, akasema:

"Na tumwombee kijana wetu huyu, ambaye hana mtu wa kucheza naye."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," wakajibu wote, na wale wa kwaya wakaweka na sauti ya pili.

(Sikujua kama na mimi niitikie. Niliitikia, na andazi mdomoni.)

Watu wakatawanyika. Bibi Leokadia hakuondoka. "Mimi niliitwa kucheza," akasema, "na sijacheza." Akaniletea kisu cha jikoni, akanisimamia mpaka nikachonga vile vichwa vikakaa pamoja. Nikampa pedi, nikataka kumfundisha taratibu. Mimi ile gemu naijua, najua adui ataruka lini na atatokea wapi. Bibi haruki. Anasimama palepale na kubonyeza kila kitu kwa mpigo. Akanishinda. Tukarudia, akanishinda.

"Mume wangu," akaniambia, "mbona huyu mtu wako mvivu?"

Tulikaa pale mpaka mwenye funguo za ukumbi akaja kutufukuza. Sijauza hata moja.

Kwa hiyo naomba msinicheke. Mama Suzana kasema wataniombea kila Jumapili mpaka nipate mtu, na mimi nawaomba mmoja wenu aje mapema, kabla sijasomwa kwenye matangazo ya misa.