Wazee Wangu wa Posa

Jumatatu, 4 Tir
Sijala. Chakula hakipiti. Mama yake Tsigereda kaniletea ujumbe: kama nampenda bintiye, nipeleke wazee watatu wa posa kabla ya Kwaresima, maana fundi viatu naye anamnyemelea. Wazee! Mimi Wubishet nitawatoa wapi? Watu wangu wote wako kilabuni kwenye pombe ya asali. Na baba mtu, Ato Abebaw, ni askari mstaafu mwenye bakora. Nikimwona tu, nahama barabara.

Jumanne, 5 Tir
Nimemwendea Memhir Kidane, mwalimu wa kanisani, aniongozee posa. Kasema hawezi kumsemea mtu asiyemjua. Nije nikae naye kwanza. Akinijua je? Nimetoka mbio.

Jumatano, 6 Tir
Akili hiyo! Mulat na wenzake wawili wa kilabuni watakuwa wazee. Nimewaazimia shuka nyeupe na fimbo, Mulat nikampaka majivu ndevuni. Kaniapia: “Kaka, utaoa mpaka uchoke!” Kijasho chembamba kinanitoka.

Alhamisi, 7 Tir
Ole wangu! Nilijibanza nyuma ya ua wa kina Tsigereda, nikasikia yote. Mzee wa posa hakai. Hata abembelezwe vipi, husimama mpaka baba akubali kumsikiliza. Mtoto mdogo anajua! Ato Abebaw akawaambia karibuni, kaeni. Viti vikalia. Vyote vitatu! Kisha Mulat akauliza kama kuna kinywaji.

Halafu sauti ya Ato Abebaw: “We wa nyuma ya ua, hebu njoo!”

Nilikwenda nikingoja bakora. Haikuja. Akasema mtamba wa ng'ombe akishinda na punda hurudi kajifunza kujamba. Akasema mimi si mtu mbaya, nikakae na Memhir mpaka Pasaka. Memhir akija kuniombea, atamsikiliza. Tsigereda alisimama mlangoni na birika la kahawa. Hakucheka. Alininong'oneza: “Nenda, Wube. Nitakungoja.” Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Ijumaa, 8 Tir
Nimekaa kwa Memhir. Kaniuliza, taratibu tu, ninaogopa nini. Swali gani hilo! Nikaaga kwamba naenda msalani. Sikurudi.

Jumamosi, 9 Tir
Nimewaza sana, kosa nimelipata. Ni viti! Tangu mchana nawafundisha Mulat na wenzake kusimama. Wa kwanza kaanguka, wa pili kaegemea ukuta, lakini Mulat sasa anamaliza vikombe vitatu wima kabisa. Jumatatu tunarudi kwa Ato Abebaw. Moyo unanidunda, ila safari hii hakai mtu.

Fundi viatu, nasikia, siku hizi anashinda kwa Memhir Kidane, eti anajifunza. Maskini. Anapoteza wakati wake.