Mzazi Aliyeziba Mtelezo

Jumatatu hiyo alasiri Balozi alifika kijiweni ameishika simu kwa mikono miwili, kama mtu aliyetumwa yai. Balozi anauza chaja za simu. Hajawahi kuvuka daraja la mtaa wetu, lakini nchi zote anazijua na za jirani anazikosoa. Akaketi, akakohoa, akasubiri tumwombe. Hatukumwomba, akasoma hivyo hivyo.

"Ile bustani ya maji iliyofunguliwa bwawani, yenye mitelezo ya kujazwa upepo. Jumamosi ilisimama karibu saa nzima. Sababu ni mzazi mmoja aliyeziba matundu ya mtelezo mkubwa kwa viraka na gundi."

Tukacheka mpaka ubao ukacheza. Benchi letu ni ubao uliolazwa juu ya matairi ya lori, nje ya banda la Presha, fundi pancha. Mimi nashona viatu hapo jirani. Kwa hiyo mimi si mtu wa kijiweni, napita tu, ingawa huwa napita kuanzia asubuhi hadi jua linapozama. Mwenzetu wa nne ni Mama Sabuni, anayefulia watu nguo. Ulimi wake unatoa madoa kuliko sabuni yenyewe.

"Kwani hayo matundu ni ya nini?" Mama Sabuni akauliza.

"Lile dude si mpira, ukalijaza ukafunga," Balozi akasema. "Pampu inanguruma nyuma yake kutwa nzima, na upepo mwingine wanauacha utokee kwenye mishono. Lazima lipumue. Ukiziba linavimba, linakuwa gumu kama ukuta. Wanasema mtoto mmoja alikalia mtelezo ukamrusha mpaka majini, zamu yake haijafika."

"Maskini, aliumia?"

"Aliomba arushwe tena."

Basi tukaanza kumjadili huyo mzazi, na hakuna jambo tamu kama kumjadili mtu asiyekuwepo. Balozi alisema bila shaka alikuwa amelewa. Mimi nikasema huyo ni mshamba, ndiyo kwanza ameona puto. Mama Sabuni akasema hapana, huyo ni mtu wa kiherehere, wale wanaorekebisha vya watu huku mlango wa nyumbani kwao umefungwa kwa kamba. Kila mmoja akatia chumvi yake, na chungu kikakolea.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba Presha hajasema neno. Presha ni mbishi wa kupindukia. Ukimsalimu habari za asubuhi anakuuliza asubuhi gani. Siku hiyo alikuwa ameinamia karai lake la maji, anaizungusha tyubu moja ile ile, anaizamisha na kuiibua. Kiraka kilishashika zamani. Hakukuwa na povu lolote.

"Presha, mbona umepoa?" nikamwuliza.

"Nina kazi."

"Hiyo tyubu umeshaiziba."

"Naihakikisha."

Mama Sabuni akaweka kikombe chini taratibu. "Viraka na gundi," akasema, kama anayejisemea. "Jamani, nani anakwenda kuogelea na gundi mfukoni?"

Sote tukamgeukia Presha. Tuna sheria moja pale: mshtakiwa hukalia tairi la gari dogo, lililolala chini kabisa, magoti yakafika masikioni, kwa sababu tumejifunza kwamba mtu aliyekunjwa vile hawezi kudanganya kwa raha. Hatukuhitaji kumwita. Presha alijifuta mikono, akaenda akajikalisha mwenyewe.

"Upepo ulikuwa unatoka," akasema. "Niliusikia kwa masikio yangu. Fundi pancha akisikia upepo unatoka afanye nini, apige makofi?"

"Aite wenye dude lao," Mama Sabuni akasema.

"Walikuwa mbali, na watoto wa watu wako juu. Nikasema potelea mbali, nitawaokoa."

"Ukawaokoa kwa kuwarusha," Balozi akasema.

Akatusimulia yote. Alibandika kiraka hapa, upepo ukahamia pale. Akafuata pale, ukahamia kwingine. Watu wakadhani ni fundi wa bustani, mama mmoja akamshikia hata chupa ya gundi. Vijana wenye fulana za njano walipokuja kumshika mikono, yeye bado anawasihi wamwachie amalizie kimoja tu cha mwisho. Kahawa ilimtoka Balozi puani. Mimi nilishika mbavu. Tuliinua vichwa tukakuta Presha peke yake hacheki.

"Binti yangu hajanisemesha tangu Jumamosi," akasema.

Balozi akapangusa pua. Binti huyo sote tunamjua, kitindamimba wake. Kila akitoka shule hupitia hapo, akakaa juu ya tairi na kumsimulia baba yake siku nzima ilivyokwenda, nani kapigana na nani, mwalimu gani kavaa nini. Ukitaka kujua ukweli, Presha hafungui banda kwa ajili ya pancha, anafungua asubiri hadithi. Na mtoto alikuwa ameomba kitu kimoja tu: wakapande ule mtelezo mkubwa, wateleze wawili, wameshikana mikono. Presha aliahidi mbele yetu. Tena alijigamba kwamba atateleza mpaka wenye bustani wamwombe ashuke.

Balozi akajaribu kumliwaza, akasema aibu ya namna hiyo watoto huisahau upesi.

Presha akatikisa kichwa. "Si viraka vilivyomkasirisha."

Mama Sabuni alimtazama kama anavyotazama kola ya shati kabla ya kuiloweka. "Ndugu yangu, huo upepo uliusikia ukiwa wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Pale mwanzo wa mtelezo. Tumeshapanda ngazi, amenishika mkono. Nikatazama chini, yale maji..." Akalitazama karai lake mwenyewe kwa mashaka. "Ndipo nikausikia. Nikamwambia, mwanangu, kazi imeniita. Nikageuka, nikashuka kwa ngazi, napishana na watoto wanaopanda. Akateleza peke yake."

Nilimwonea huruma, sifichi. Mtu ametumbukiza mikono majini maisha yake yote, hakuna tundu lililowahi kumshinda, kumbe uso wake haujazoea maji zaidi ya kiganja kimoja cha asubuhi. Nilitaka pia kucheka, hilo nalo sifichi.

"Kumbe unaogopa maji," Balozi akasema.

"Maji siyaogopi. Naogopa kuwemo."

"Mganga hajigangi," Mama Sabuni akasema, akasimama. Akamwaga maji ya karai, akajaza mengine safi, akaliburuta mpaka katikati yetu. "Piga magoti."

"Ya nini?"

"Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wewe uliyavulia, ukakimbia na kiraka. Leo utayaoga, tunaanza na uso."

Presha akaleta visingizio, mara wateja watamwonaje, mara maji ni baridi. Balozi akasema huko nje wanafundisha hata vichanga kuogelea. Tulipomwuliza nje wapi, akasema kote. Mimi nikapewa kazi ya kushika kofia, na niliishika kwa heshima zote.

Mara ya kwanza Presha aligusisha pua tu, akaibuka anatweta kama aliyeokolewa baharini. Mara ya pili alizamisha mashavu, amebana pumzi, mishipa ya shingo imemtoka.

"Usibane," Mama Sabuni akamwambia. "Itoe hiyo pumzi humo humo, polepole. Hakuna anayekufukuza."

Akajikaza, akazama mpaka masikioni. Mapovu yakaanza kupanda, moja, halafu mengi, na sisi watatu tumeinama juu ya karai tunayashangilia kwa kunong'ona tusije tukamshtua. Hakuna aliyekumbuka kwamba saa ya watoto kutoka shule imeshafika.

Binti alikuwa amesimama nyuma yetu na mkoba wake mgongoni. Sijui alikuwa ametazama kwa muda gani. Alitupita bila kutusalimu, akapiga magoti kando ya karai, akayatazama yale mapovu kwa makini. Halafu akanyoosha kidole, akakiweka pale yalipotokea, kama alivyofundishwa na baba yake kuonyesha tundu la tyubu tangu hajajua kusoma.

Presha akaibuka, macho mekundu, maji yanamchuruzika kidevuni. Akakuta uso wa mwanawe mbele yake.

"Baba," binti akasema, "pancha nimeiona."

Presha akapangusa uso kwa mkono. "Inazibika?" akauliza.

"Inazibika. Jumamosi tunarudi. Safari hii nitakushika mimi." Akanyoosha kiganja. "Ila gundi naichukua mimi, inabaki nyumbani."

Presha akachomoa chupa ya gundi mfukoni, akampa. Binti hakuondoa kiganja. Baba akatutazama sisi, akaona hatuna msaada, akaingiza mkono mfuko wa pili na kutoa viraka.