Régime ya Koko

Jumatatu, 13 Februari 1984
Daktari mgeni atamwekea Koko, bibi yangu, kiungo kipya cha nyonga. Ila kampima kwanza: kilo thelathini na nane. Mwembamba mno, kidonda hakitapona! Binamu yangu Martine ameleta agizo: Koko apewe régime siku kumi, afike kilo thelathini na tisa. La sivyo, daktari anarudi kwao tarehe 25, na Koko atabaki na fimbo na maumivu. Papa amesema neno régime lisitajwe kwa sauti, ni neno la serikali na majirani wana masikio. Martine alitaka turudi hospitalini tukaulize maana. Niulize, mimi, wa kwanza darasani kwa Kifaransa? Sokoni Kadutu kila mtu anajua: régime ni mkungu wa ndizi.

Jumanne, 14
Nimebadilisha kamusi yangu kwa mkungu mzima. Nimeupandisha mlima mgongoni. Shingo imepinda. Koko amenibariki kwa Kishi, lugha ya kwao.

Alhamisi, 16
Ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi jioni. Salle nzima ya wagonjwa inasaidia kula. Koko hakatai, eti mjukuu ameteseka. Martine kaja na maharage. Nimemrudisha nayo. Asiharibu régime!

Jumamosi, 18
Mizani. Thelathini na saba na nusu. Infirmier Venant, muuguzi wa salle, katazama fiche yenye agizo, katazama maganda, kakaa chini. Kumbe régime ni chakula alichoagiza daktari: maharage, mayai, nyama, sambaza wale samaki wadogo wa ziwani. Nilitamani kuingia chini ya kitanda. Martine hakucheka, na hilo ndilo baya zaidi. Koko kanishika mkono.
"Sasa mama, juu ya nini haukuuliza?"

Ijumaa, 24
Siku sita Martine kapika, mimi nimepuliza makaa. Jana mizani: thelathini na tisa! Daktari kakubali, leo asubuhi kampasua. Koko kaamka, kauliza sambaza ziko wapi. Nimelia chooni, Martine asinione.

Jumapili, 26
Daktari ameondoka, ameacha agizo. Venant kaniambia mlangoni: kuanzia kesho Koko apate avocat kila siku, kidonda kifunge vizuri. Martine anasema ni avoka, lile tunda lenye kokwa kubwa, atazitafuta sokoni. Maskini. Lugha ya soko imeshanidanganya mara moja, hainipati tena. Katika kitabu cha shule avocat ni mtu wa sheria. Ningemuuliza Venant, lakini alionekana ana haraka. Nimemwandikia citoyen Bisimwa, wakili wa parokia yetu, aje kumwona Koko kila siku. Sikumwomba makubwa. Venant mwenyewe amesema hata nusu inatosha, kwa hiyo aje asubuhi tu.