Nafasi Yangu Ndani ya Boti

Jumatatu, 3 Agosti 1992
Tumefika Kipili, kando ya ziwa, na lori, siku nzima ya vumbi kutoka kwetu Malangali mlimani. Nina hasira. Mume wangu Kasmir amenunua boti ya tanga. Tangu biashara iachiwe huru, kila mtu anajiita mfanyabiashara. Atapeleka ulezi Kigoma, akae huko mwaka mzima. Na mpishi wa safari ni wifi yangu Avelina, si mimi. Mama mkwe kaamua. Eti nina mtoto mchanga, nimekuja kusindikiza tu, Jumamosi nirudi na lori. Tadei wangu ana miezi saba. Aote meno baba hayupo, atembee baba hayupo? Haiwezekani. Nitamwonyesha Kasmir kwamba bila mimi boti haiendi popote.

Jumanne, 4 Agosti
Mungu yupo. Nimeikuta boti ufukweni imejaa maji mpaka ukingoni. Wanaume wamekwenda kushona tanga, Avelina anasuka nywele. Nikambeba Tadei mgongoni, nikachota maji kwa sufuria ya ugali toka asubuhi. Kiuno hakina hali. Kisha nikawaomba wapakiaji wa lori, Wafipa wenzangu wa mlimani, wakaivuta juu. Tukaianika juani kama ulezi. Imekauka vizuri, mbao zinalia ko, ko. Avelina alipita akauliza, "Wifi, umetumwa?" Wivu huo.

Jumatano, 5 Agosti
Kumbe nahodha Isdori ndiye aliyeijaza. Makusudi. Boti ilikaa nchi kavu tangu Pasaka, na mbao zikikauka hulowekwa siku nyingi ili zivimbe, nyufa zizibe. Sasa nyufa zinapitisha kidole. Isdori kashika kichwa, akauliza kama huko kwetu mlimani hatujawahi kuloweka hata mpini wa jembe uliolegea ili ukaze. Kasmir akasema, "Mama Tadei, rudi nyumbani kabla hujaanika ziwa." Avelina alicheka mpaka akakaa chini. Nimewachukia wote, isipokuwa Tadei. Kwani nani aliniambia? Watu wa ziwa wanaficha mambo yao, halafu wanakasirika.

Jumatatu, 10 Agosti
Lori liliondoka bila mimi. Nilisema Tadei ana homa. Hana. Boti imelowekwa tena siku tano, bado inavuja. Isdori kasema upepo hautatungoja, twende hivyohivyo, ila mmoja achote maji kutwa mpaka Kigoma. Avelina akaitazama sufuria, akakumbuka ghafla kwamba kichefuchefu humsumbua majini, yeye atabaki. Kasmir akaniangalia mimi. Nikasema mimi nimeshafanya mazoezi. Hakucheka, lakini alimpokea Tadei, akambusu kisogoni.

Jumanne, 11 Agosti
Tupo majini. Milima ya kwetu inafifia. Naandika sufuria ikiwa mapajani, Tadei yuko mgongoni. Hasira zimeanza upya, na leo ni za haki. Chini kabisa ya boti nimekuta mawe. Mawe matupu, yamepangwa kama mizigo, kushoto na kulia sawasawa. Na jana Isdori alinikatalia mfuko mmoja wa unga wa uji wa mtoto, eti uzito. Ananionea kwa sababu natoka mlimani. Sijamwuliza mtu, nikiuliza nitachekwa. Nimeshatupa manane, mojamoja, wao wakitazama tanga. Boti imekuwa nyepesi kweli. Inalala huku, inalala kule mpaka ukingo unagusa maji, na Tadei anacheka kila ikilala. Kasmir anapiga kelele kule mbele. Nadhani amefurahi. Yamebaki kama kumi.