Wateule wa Mlango wa Saba

Ampratwum hakualikwa kwenye matanga yale ya Bantama, lakini hilo halikumsumbua hata kidogo. Kumasi ina matanga kila Jumamosi, na mtu mwenye suti nyeusi na uso wa huzuni hakosi kiti wala sahani. Alikuwa ameshauza viwanja visivyo vyake, ameuza dawa ya kiuno ndani ya mabasi, na wakati mmoja, Mungu amsamehe, aliuza nafasi za kazi kwenye meli ambayo haijaundwa. Siku hiyo hakuwa na biashara yoyote. Alikuja kula.

Kando yake aliketi mama mmoja mnene, muuza vitambaa maarufu wa soko la Kejetia, ambaye mji mzima ulimwita Eno Dufie, kwa heshima ya umama wake. Dhahabu ilimjaa shingoni na mikononi. Chakula chake kilikuwa kinapoa. Alikuwa akiitazama kwaya ya kanisa ikimwimbia marehemu, sare zote nyeupe, na machozi yalimtiririka. Sasa Ampratwum alikuwa na tabia moja: machozi ya maskini aliyaacha yakauke yenyewe, lakini machozi ya mwenye dhahabu aliyasogezea leso.

Eno Dufie akamweleza. Alikuwa ameugua mguu miezi mitatu, akalala ndani, na katika kanisa lake lile kubwa lenye mapaa mawili hakuna aliyekuja hata kumpa pole. Alipopata nafuu akarudi kusali. Mshika mlango akampa kadi ya wageni, akamwuliza kwa tabasamu, karibu sana mama, habari zetu umezisikia wapi? Miaka thelathini na moja anasali pale.

"Sasa nikifa," akasema, "nani atakuja kuniimbia?"

Wengine duniani wanaogopa kufa. Sisi watu wa Kumasi kufa tumekuzoea, tunachoogopa ni viti vitupu siku ya matanga. Hata Ampratwum alisikia kitu kikimchoma kifuani, kwa sababu yeye hakuwa na mtu. Ndugu zake wa Mampong walimfuta tangu alipouza shamba la kakao la mjomba wake huku mjomba mwenyewe yuko shambani akipalilia. Akifa leo, manispaa ndiyo ingemzika. Wazo hilo halikumpendeza, akalimeza pamoja na kipande cha nyama, akaanza kufikiria mambo yenye faida.

Jumatatu alikwenda kwa katekista mmoja mstaafu, mzee mpole, akajifanya ana dada aliyepotelea kwenye kikundi cha ajabu. Akauliza: dini na kikundi cha kupoteza watu vinatofautianaje? Mzee akafurahi kuulizwa. Akamwambia, ukiona wanakataza maswali, jihadhari. Ukiona wanakutenga na ndugu zako, kimbia. Na ukiona kiongozi wao hashikwi na sheria anazowashikisha wengine, basi hiyo si dini, huo ni mtego. Ampratwum aliandika yote matatu kwenye kijitabu, akamshukuru mzee kwa machozi, akaenda zake kuyatekeleza moja baada ya jingine.

Ndivyo walivyozaliwa Wateule wa Mlango wa Saba, katika gereji iliyofungwa kule Suame, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, Eno Dufie akiwa wa kwanza kuketi. Ampratwum alivaa joho jeupe, akajiita Mwanzilishi. Siku ya kwanza alitangaza habari kuu aliyoitunga usiku kucha: atakayeupita Mlango wa Saba hatakufa kamwe.

Alitegemea vigelegele. Watu wakatazamana. Wofa Nsiah, dereva mstaafu wa malori, mjomba wa kila mtu na mwenye sauti ya kupasua ngoma za masikio, akanyoosha mkono akauliza kwa adabu: kama hakuna atakayekufa, Jumamosi tutakuwa tunakwenda wapi? Na vile vitambaa vyeusi tulivyoshona? Mama mmoja akaokota mkoba wake. Ampratwum akaona gereji inamponyoka, akageuza usukani hapohapo: alimaanisha roho, jamani, roho. Mwili utakufa vizuri tu, na Mteule yeyote atakayefariki atazikwa na Wateule wote, sare moja, nyimbo kumi na nne, bila kiti hata kimoja kitupu. Hapo vigelegele vikaja. Yule mama akarudisha mkoba chini.

Basi akajaribu mafundisho ya katekista. Akakataza maswali. Eno Dufie akauliza kwa nini, na alipojibiwa, akauliza tena. Akawakataza wasichangamane na ndugu zao. Jumamosi iliyofuata gereji ilikuwa tupu, wote wamekwenda kwenye matanga ya ndugu zao, na mmoja alimletea Mwanzilishi wali wa huko kwenye kopo. Likabaki lile la tatu, kiongozi kutoshikwa na sheria, na hilo alilitekeleza kwa moyo wote. Waliambiwa wasile nyama siku ya Jumatano. Yeye Jumatano alikula mbuzi. Wao walitembea kwa miguu kwa unyenyekevu, yeye alibebwa na teksi.

Katika miezi minane wakafika mia mbili. Mimi pia nilikuwemo, sitaficha, na nilikuwa na sare yangu. Msitucheke. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akasema leo naenda kujiunga na wapotevu. Mtu anaingia mahali ambapo wanamjua kwa jina, basi, habari ya mlango wa saba au wa tisa anaikubali baadaye.

Ampratwum sasa akaona embe limeiva. Akawaambia ameitwa. Jumapili ijayo ataupita Mlango wa Saba akiwa hai, peke yake, porini, na kila Mteule anayetaka kutambuliwa huko atie pambo lake moja la dhahabu kwenye sanduku, naye atalionyesha kwa walinzi wa mlango. Wanawake wakaguna kwa mshangao mtakatifu. Eno Dufie akainuka, akasema jambo hili ni zito, wanawake wenyewe watalikusanya, watalifunga na kulipiga kufuli. Mwanzilishi asijichoshe.

Jumapili walimsindikiza kwa nyimbo mpaka mwisho wa barabara ya lami. Sanduku lilikuwa zito hata bega likamwuma, na maumivu yale aliyapenda sana. Akapotelea vichakani, akatokea upande wa pili, akapanda basi la Sunyani. Mawazo yake yote yalikuwa Abidjan, ambako alikusudia kula kuku kwa mrija.

Katika chumba cha wageni Sunyani alivunja kufuli. Ndani ya sanduku mlikuwa na vigae vya vyungu vya kusagia pilipili, vimefungwa kimoja kimoja kwa kitambaa ili visigongane. Alivifungua vyote, mpaka cha mwisho, kwa matumaini ya mtu aliyewafundisha wengine kutumaini. Kisha akaketi sakafuni akajitukana kwa majina ambayo hata polisi hawakuwahi kumwita.

Alikaa pale siku nane akitafuta namna ya kurudi bila aibu. Siku ya tisa, alipotoka kununua mkate, akakutana na sura yake ukutani. Ilikuwa bango la matanga, kubwa, la rangi, jipya kabisa. Mwanzilishi Ampratwum, amepita. Umri walimwongezea miaka sita. Chini waliorodheshwa wafiwa, wana wa kiroho mia nane na arobaini, na tarehe: Jumamosi, uwanja wa shule, Suame.

Mia nane na arobaini! Aliwaacha mia mbili. Damu ya biashara ikamchemka. Matanga ya watu wengi hivyo yana rambirambi nene, na kama kuna mwenye haki na rambirambi za Ampratwum, si ni Ampratwum? Akanyoa ndevu asitambuliwe njiani, akarudi Kumasi.

Uwanja ulikuwa umefurika. Mahema kumi na mawili, nguo nyeusi na nyekundu mpaka getini, na katikati, juu ya kitanda cha shaba, joho lake jeupe limelazwa badala ya maiti. Kwaya ilikuwa na sare mpya. Akampata Eno Dufie nyuma ya hema la wapishi, akamvuta pembeni.

"Eno, ni mimi. Sijafa."

Eno Dufie alimtazama bila kushtuka, akamfuta vumbi begani. "Wengi wanasema wamefanana naye, mwanangu."

"Acha mchezo. Dhahabu iko wapi? Nitapanda pale nishike kipaza sauti niwaambie kila kitu. Sikuwa nabii wala nini. Nilikuwa tapeli."

"Hilo tulilijua wiki ya pili."

Ampratwum akakosa pa kuweka uso. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumvunjia heshima ya kazi namna hiyo. "Mlijua? Mbona mlikaa?"

"Mguu wangu uliporudi kuuma, walikuja wanawake kumi na wawili na supu. Uliwakusanya wewe. Hukukusudia, najua, lakini uliwakusanya." Akashusha sauti, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Tatizo letu lilikuwa wewe tu. Nabii aliye hai ni shida. Leo anataka pete, kesho atataka nyumba. Aliyepita hataki kitu, anavuta watu wapya kila siku, hali mbuzi Jumatano, na mbele ya watu tunaweza kumtaja bila aibu. Sasa tuna katiba, tuna kamati, tuna zamu ya kutembelea wagonjwa. Kama unataka kipaza sauti, kile pale. Waambie."

Ampratwum akageukia umati. Wanawake watatu walikuwa wamejitupa chini wakimlilia, wakimwita baba, wakiuliza amewaachia nani. Mzee mmoja asiyemjua kabisa alikuwa akitetemeka kwa kwikwi. Akatafuta hasira yake, hakuiona. Hakuna mtu aliyewahi kumlilia, hata siku alipoondoka kwao, na sasa mia nane walikuwa wakifanya kazi hiyo bila kulipwa. Alipogundua, alikuwa analia, tena kwa sauti kuliko wafiwa.

Mama mmoja akamwona, akamhurumia, akamsukumia kiti na sahani ya wali mwekundu. Akamwambia pole sana, sote tumempoteza. Akala huku analia. Baadaye, safu yake ilipoinuka kwenda meza ya rambirambi, naye akainuka. Alikuwa amekula bure kwenye matanga ya nusu ya Kumasi, lakini siku hiyo mkono uliingia mfukoni wenyewe, ukatoa nauli yake ya Abidjan, cedi zote. Karani akamwuliza jina. Akafungua kinywa, akakumbuka jina hilo liko kwenye mabango. Akasema aandikwe rafiki tu.

"Rafiki mmoja asiyetaka kujulikana!" Wofa Nsiah akanguruma kwenye kipaza sauti. "Cedi mia tatu! Marehemu Mwanzilishi, huko aliko, anakushukuru!"

Uwanja mzima ukampigia makofi. Ampratwum akainamisha kichwa kupokea shukrani zake mwenyewe, akarudi kwenye kiti chake, na kwaya iliponyamaza kupumzika, akamgusa bega yule mama aliyempa wali, akamwuliza kwa unyenyekevu mazoezi ya kwaya huwa siku gani, na kama wageni wanaruhusiwa.