Malalamiko Kuhusu Kuponywa Goti Langu Bila Idhini Yangu

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Posho za Watu Wenye Ulemavu,
Ghorofa ya Nne (kwa wanaojaliwa kufika).

Ndugu Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio chini yako. Mimi pia ni mzima, na hilo ndilo lalamiko langu, kwa sababu habari za uzima wangu nimezipata kutoka kwenu. Mpaka asubuhi barua yenu ilipofika, nilikuwa bado mgonjwa.

Mimi ni fundi saa. Goti langu la kushoto lilivunjika siku nilipopanda kurekebisha saa ya mnara wa soko. Ngazi ikateleza, nikatangulia chini kabla ya bisibisi yangu. Tangu hapo natembea kwa gongo, na posho yenu ndiyo inayonilipia kodi ya chumba. Sasa mmeniandikia kwamba kwa kuwa "sikujitokeza" kupimwa na daktari, nimehesabiwa kuwa nimepona, na posho imesimama. Nawapongeza, maana posho imeweza kusimama. Mimi kusimama bado kunanishinda.

Naomba kueleza yaliyotokea, moja baada ya jingine.

1. Nilijitokeza. Nilifika kabla ofisi haijafunguliwa, nimevaa suti yangu ya harusi, maana mke wangu alisema daktari asije akadhani goti halina mwenyewe. Mlangoni nilimkuta mlinzi wenu, mtu mwenye adabu ya kupigiwa mfano. Alinisikitikia, akaniambia lifti ni mbovu, akanionyesha na karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa hiyo lifti. Kisha akanishikia gongo nikafunga kamba za viatu, akanitakia safari njema. Naomba mlinzi huyo apandishwe cheo.

2. Ngazi zenu. Ghorofa ya kwanza niliipanda kwa miguu, ya pili kwa makalio. Ndugu Mkurugenzi, anayepanda kwa makalio hupanda huku akitazama alikotoka, ndiyo maana sikumwona bwana mmoja aliyekaa nyuma yangu mpaka nilipomkalia. Alikuwa mnene, jasho linamtiririka, amekumbatia mkoba. Nilipomwomba radhi alisema, "Kaa tu, ndugu yangu, ngazi ni za serikali." Tukabaki pale tunahema.

3. Alinieleza kwamba moyo wake na ngazi havipatani, lakini huko juu kuna mgonjwa anamsubiri. Nikampa pole. Nami nikamweleza kwamba huko juu kuna daktari ananisubiri, na madaktari wa ofisi hii hawana simile, ukichelewa kidogo wanakufuta. Akasema hata wagonjwa siku hizi si wa kuaminika, wanapangiwa siku na hawaji. Tuliwasema watu hao wawili mpaka tukaridhika.

Baadaye aliniuliza goti lina nini. Nikakunja suruali, akalibonyeza hapa na pale, nikapiga ukelele uliowatoa makarani wa ghorofa ya pili milangoni. Akatikisa kichwa, akasema, "Hili halijapona, na ngazi ndiyo kabisa hazilifai." Niliona ana mkono mzuri kwa mtu wa kuokotana naye njiani. Kulipa fadhila nikaitazama saa yake, nikaikuta iko nyuma mno, nikairekebisha. Alipoona ni saa ngapi kweli, alishika kichwa, akasema mgonjwa wake atakuwa ameshaondoka; nami nikajua daktari wangu ameshanifuta. Basi tukashuka wote wawili kwa makalio, mimi nikitangulia na kumwelekeza, kwa kuwa nina uzoefu.

Tulipofika chini mlinzi wenu alimpigia saluti akamwambia, "Pole, daktari." Tukatazamana. Aliinamisha kichwa, akaniaga kama mtu anayetoka msibani.

4. Hapo ndipo penye ugomvi wetu. Mgonjwa hakufika juu, lakini na daktari hakufika. Ikiwa mimi kutofika kumeniponya, yeye kutofika kumemfanyaje? Kwa haki kumemuuguza. Hesabu zenu haziwezi kukubali mtu mmoja apone bure bila mwingine kuugua. Kwa hiyo goti hili sasa ni lake, na namwomba aje kulichukua. Mimi nipo nyumbani siku zote, isipokuwa siku ya kuhama.

5. Kuhama kwenyewe ni kwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Aliisoma barua yenu kwa sauti kinyozini, na sasa mtaa mzima unajua nimepona. Ameniandikia kabati la milango mitatu nilibebe, upande wa mbele. Nilipokataa alisema siwezi kubishana na muhuri.

6. Mama mkwe wangu, ambaye mgongo umemsumbua miaka, alisikia kwamba kuna barua iliyomponya mtu bila kumgusa. Akaiazima. Ameifunga mgongoni kwa kitambaa, na anasema anasikia nafuu, kwa hiyo samahani sikuambatanisha nakala. Jirani naye ameniletea mbuzi wake anayechechemea. Nimejaribu kumweleza kwamba kwanza mbuzi apangiwe miadi, halafu azuiwe kwenda. Amekubali, na anauliza mbuzi aandike jina gani.

Maombi yangu ni haya. Ama mnirudishie posho na ugonjwa wangu, vyote kwa pamoja kama mlivyovichukua, ama, ikiwa kweli barua zenu huponya, basi iandikieni lifti. Nayo ina siku nyingi haijajitokeza.

Nisalimie karani wa mapokezi, ambaye sijabahatika kumwona, na wote wa ghorofa ya nne. Daktari mwambie saa yake ikianza kuchelewa tena ailete, sitamtoza. Mke wangu anawasalimu. Shemeji hawasalimu, anafunga mizigo.

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa nimekaa,

Fundi Saa wa Kona ya Soko

Nyongeza: Nilimtuma mke wangu ailete barua hii kwa mkono, naye amerudi nayo. Anasema hakuijali ile karatasi, na lifti ni nzima. Amepanda nayo na kushuka, akapanda tena kwa raha zake. Karatasi ile huibandika mlinzi wenu kila asubuhi, kwa sababu humo ndani ndimo anamolala, na abiria wanamkatiza usingizi. Karani wa mapokezi ni mtu mwema. Amenipangia siku nyingine ya kupimwa, na posho itaendelea mpaka siku hiyo. Sina nguvu za kuandika barua mpya, kwa hiyo ipokeeni hii kama ilivyo. Ila popote nilipolaumu lifti, someni mlinzi. Na pale nilipoandika "apandishwe", someni "ashushwe".