Kwanta Hewani, Mtopanga

Jumatatu, 3 Februari

Nafasi! Mtangazaji wa kipindi cha sayansi ameacha kazi, ameolewa Lamu. Bi Mwanabibi, mwenye redio yetu hapa Mtopanga, ametuita ofisini. Kasema wanafunzi wametuma maswali chungu nzima kuhusu fizikia ya kwanta. Nani anaifahamu? Rashad wa michezo akatazama kucha zake. Mimi nikanyoosha mkono.

Siifahamu. Lakini nimechoka kusoma matangazo ya vifo. Nikimpigia mtu simu, huanza kulia kabla sijamsalimu. Mama Nyevu, mamake Caroline wangu, anakaa Utange. Juzi nilimwamkia sokoni, akaangusha kikapu akauliza ni nani amekufa. Caroline kasema wazi: hanipeleki kwao kujitambulisha mpaka watu waizoee sauti yangu kwa jambo jingine.

Nimepewa mpaka Ijumaa. Nikishindwa, saa ya kipindi itakwenda kwa Rashad na mpira wake.

Jumanne, 4 Februari

Nimetazama video moja, nusu. Inatosha.

Swali la kwanza, mwanafunzi wa Changamwe: vipi paka awe hai na mfu kwa wakati mmoja? Nikajibu kwa sauti nzito kwamba paka wengi wa Pwani wako hivyo, hasa adhuhuri.

Simu ikalia hapo hapo. Mwalimu Samiha, anafundisha fizikia sekondari huko Changamwe. Kanisalimu vizuri, kauliza hali ya nyumbani, kisha akanimaliza. Kasema hakuna paka aliyetiwa sandukuni. Ni mfano tu. Vitu vidogo mno, kama atomu, hesabu yake inaruhusu hali mbili zichanganyike mpaka zipimwe. Sasa atomu hiyo ukiifunga na paka, je, naye atachanganyika? Mfano ulitungwa kuuliza ajabu hiyo inakomea wapi.

Wasikilizaji wamempenda. Haya!

Lakini hilo swali limenikaa. Inakomea wapi? Jioni nimemtazama paka wa jirani kwa makini sana. Yuko hai. Kaniparura.

Jumatano, 5 Februari

Mbinu: leo hakuna simu. Ujumbe tu, niuchague mwenyewe. Samiha atanipatia wapi?

Swali: je, kitu hubadilika kikitazamwa? Nikajibu ndiyo, na ndiyo maana wakubwa wa kazi wasiwatazametazame wafanyakazi. Bi Mwanabibi alikuwa nyuma ya kioo. Rashad alicheka mpaka akatoka nje.

Mara mlango ukafunguliwa. Samiha! Amekuja kumzuru shangazi yake hapa Mtopanga, redio ikiwa wazi, akashindwa kuvumilia. Bi Mwanabibi akamvutia kiti mwenyewe.

Kasema kutazama kwenyewe si kwa jicho. Ni kupima. Ili ujue elektroni ilipo, lazima kitu kikutane nayo, mwale wa nuru au chombo, kibebe habari yake. Hata pasiwe na mtu chumbani. Nikauliza, na nikifumba macho? Haisaidii. Nikauliza mbona basi mimi siko mahali pawili, maana ningependa, Utange na hapa. Kasema hewa inanigonga, nuru inanigonga, joto linanitoka, vyote vinatoa habari ya nilipo bila kupumzika. Mchanganyiko hupotea kabla haujaonekana.

"Kwa hiyo hewa inanichongea?"

Akacheka sana. "Waweza kusema hivyo, kaka Garama."

Nimelala chali kitandani nikiifikiria hewa. Mchongezi mkubwa!

Alhamisi, 6 Februari

Leo niliamka mapema. Nimegundua jambo lenyewe: chembe mbili zilizofungamana. Ukipima moja hapa, unajua habari ya mwenzake hata akiwa mbali. Wallahi, simu zimekwisha kazi!

Nilichukua ndara mpya. Ya kushoto nikampelekea Caroline kwa bodaboda, ya kulia nikaingia nayo studio. Nikatangaza kwa utulivu, pole pole, kwamba saa hii, huko Utange, Caroline binti Nyevu atapokea salamu zangu bila chombo chochote.

Jina lake. Kwa sauti yangu. Redioni.

Mama Nyevu hakungoja nimalize. Kelele! Majirani wakaja na mikeka. Mwingine akaleta sufuria kubwa. Caroline karudi kutoka soko la Kongowea na mboga zake, akakuta anaombolezwa, mjomba wake Phineas anapanga nani atasoma sala. Kanipigia simu. Siandiki aliyoyasema.

Samiha naye kapiga, maana leo nilisahau kuzima simu. Kwa upole kasema salamu hazipiti hivyo. Kila upande matokeo huja kwa bahati, huwezi kuyachagua, na usichoweza kuchagua huwezi kukifanya ujumbe. Uhusiano huonekana mkikutana baadaye kulinganisha. Tena si kama ndara. Ndara ilikuwa ya kushoto tangu dukani. Chembe, majaribio yameonyesha, hazikubali kuelezwa hivyo, kwamba kila moja iliondoka na jibu lake mfukoni.

Nikauliza: basi zinajuaje? Kasema hapo ndipo naye hukosa usingizi.

Rashad ameanza kupima meza yangu kwa rula.

Ijumaa, 7 Februari

Siku ya mwisho. Mama Nyevu amefika studio na Caroline kushtaki. Bi Mwanabibi kawakaribisha, kawaambia wangoje kipindi kiishe. Samiha naye yupo, kaja na kalamu ya leza, yenye taa nyekundu. Kasema anataka unywele mmoja.

Kwa nani? Rashad ana upara. Mimi nimenyoa. Bi Mwanabibi katazama dari. Ndipo Mama Nyevu, kwa hasira ile ile, akaingiza kidole chini ya kitambaa, akang'oa mvi moja. "Shikeni, tumalize!"

Tukazima taa. Samiha akaupitisha ule mwale mwekundu kwenye unywele. Ukutani ikatokea mistari. Nuru, giza, nuru, giza. Redioni kimya kabisa, watu wa Kisauni wanasikiliza kimya.

Samiha kaeleza kwamba nuru imepita pande zote mbili za unywele kama mawimbi, yakakutana. Mahali pengine yanaongezana, mahali pengine yanafutana.

"Nuru juu ya nuru ikawa giza?" akauliza Mama Nyevu. "Imekwenda wapi?"

"Kwenye mistari inayong'aa, mama."

Nikauliza, na ukiituma chembe moja moja? Kasema kila chembe hutua nukta moja. Lakini ziache zirundikane, na mistari ile ile hujichora. Basi chembe moja imepita upande gani wa unywele? Samiha kasema hesabu wataalamu wanaiweza vizuri, maana yake bado wanabishania.

Sijui kwa nini machozi yalinilenga. Mama Nyevu akanigusa bega.

"Wewe mwanangu, muulize tena."

Mwanangu! Na hakuuliza nani amekufa.

Jumamosi, 8 Februari

Uamuzi umetoka. Samiha atajibu, mimi nitauliza, kila wiki. Bi Mwanabibi kasema hajapata kusikia mtu asiyejua akauliza vizuri namna hiyo. Nimepandishwa cheo! Rashad kanipa mkono kwa ncha za vidole. Kesho nimealikwa Utange kwa chakula cha mchana.

Mchana imepigwa simu kutoka shule moja ya Utange. Wanataka mtaalamu wa redio awaeleze wanafunzi habari za mashimo meusi ya angani, Alhamisi. Samiha atakuwa safarini. Nimewaambia wasihangaike, mtaalamu ni mimi.

Mashimo meusi. Kuna nini hapo? Shimo ni shimo. Mimi nimechimba choo kwa mikono yangu.